Anti, baba amefungia uzi wangu kwa kabati na anataka niache kila kitu

Sasa Anti,

Natumai uko poa. Mimi ni msichana wa Fomu Tatu hapa Nakuru, nasoma shule ya kutwa na tunaishi Free Area. Naandika na simu ya mamangu kwa hivyo kukiwa na makosa unisamehe, na tafadhali usiweke jina langu ju shuleni kuna watu wanasoma hizi vitu.

Huu mwezi umepita sijui hata umeishaje. Tulianza na KSEF, yale mashindano ya sayansi, mimi na rafiki yangu tuko na projekti ya kutoa floraidi kwa maji. Unajua vile maji ya huku yanaharibu meno, nusu ya watu wa ploti yetu wako na meno ya hudhurungi, hata babangu. Tulisoma mahali kwamba mkaa wa mifupa unashika floraidi, basi tukaomba mifupa ya ng'ombe kwa bucha, tukaichemsha mafuta yatoke, tukaijaza kwa mkebe wa rangi na kuuchoma kwa jiko nyuma ya nyumba. Mara ya kwanza tuliacha mkebe wazi, mifupa ikatoka nyeupe pe na haikufanya kitu. Ya pili tukafunika tukaacha katundu kadogo tu, ikatoka nyeusi venye tulitaka. Anti, hiyo harufu usiniulize. Jirani alikuja kugonga geti akitaka kujua ni nini imekufa, na mbwa wa mtaa walikaa hapo nje hadi usiku. Lakini ilifanya kazi, tulisaga, tukachekecha, tukaosha hadi maji yakawa yanatoka masafi, tukapitisha maji ya kisima cha jirani na mwalimu akatupelekea sampuli kwa maabara ya maji, yaliingia yakiwa juu sana ya ile miligramu 1.5 kwa lita ambayo WHO, Shirika la Afya Duniani, wameweka kama mwisho, na yakatoka chini yake. Kaunti ndogo tukapita, kaunti tukapita, sasa tunangoja kanda.

Halafu niko kwa densi ya drama. Hiyo sikuomba, mwalimu alinichukua ju mimi ni mrefu na mstari wa nyuma ulikuwa na pengo. Mazoezi ni kila siku saa kumi hadi saa kumi na mbili na nusu, na Jumamosi mzima. Zile siku za mashindano tunatolewa darasani asubuhi, tunapakwa rangi usoni, halafu tunakaa chini ya mti tukingoja kuitwa, unaweza ngoja hadi saa tisa. Hiyo pia tumepita kwenda kanda, na kanda ya drama na ya sayansi zimekaribiana sana.

Kitu ya tatu ni kroshe. Nafuma kofia na vitopu, nilianza likizo ya Desemba, watu wa ploti wakaanza kuitisha na saa hii nauza kofia 250. Nafuma nikiwa kwa matatu nikienda shule, na usiku wakati wa habari.

Sasa shida ni matokeo ya midtamu. Hesabu nilikuwa na 71 nikapata 48. Fizikia 58 ikawa 41. Kemia 62 ikawa 64. Kiswahili na Historia ziko tu sawa. Babangu aliangalia hiyo karatasi akanyamaza, halafu akachukua mfuko wangu wa uzi akaufungia kwa kabati yake. Akasema kuanzia leo hakuna kroshe, hakuna sayansi, hakuna drama, ni vitabu na kulala. Akasema sisi ndio darasa la mwisho la 8-4-4, ule mtaala wa zamani, tuliingia Fomu Wani 2024, tunafanya KCSE, ule mtihani wa mwisho wa sekondari, 2027, na nikiangalia nyuma yangu hakuna Fomu Tu, sasa nikianguka nitarudia na nani? Mamangu anasema nisikie baba, lakini jioni tukiwa jikoni ananiuliza polepole ile kofia ya mama wa kanisa imefika wapi.

Rafiki yangu wa projekti analia. Mwalimu wa drama amesema nikitoka nitakuwa nimeangusha shule. Mwalimu wa hesabu amesema nikiendelea nitajiangusha mwenyewe. Mimi nataka chuo nifanye mambo ya maji ama ya dawa. Nifanye aje? Na je, ni vibaya nikimwambia mwalimu wa drama nimekuwa mgonjwa ndio aniache?

Aliyebanwa, Nakuru


Aliyebanwa, poa niko, na asante kwa kuniandikia matokeo yenyewe badala ya kuniambia tu umeanguka, maana hizo namba zinasema kitu ambacho hapo nyumbani hakuna mtu amekisikia kwa sababu ya kelele.

Angalia Kemia. Mwezi ule ule, mtoto yule yule, uchovu ule ule, na Kemia imepanda. Kidogo, alama mbili si za kupigia vigelegele, lakini haikuanguka, na kama mashindano ya sayansi ndiyo yanakumaliza basi hilo ndilo somo lingekuwa la kwanza kwenda. Na mimi najua mbona halikwenda. Mtu aliyechoma mifupa mkebe ukiwa wazi akaona imetoka nyeupe, halafu akafunika akaona imetoka nyeusi, huyo hewa na moto amefundishwa na pua yake, hatasahau. Ndani ya mfupa kuna ile madini ya kalisi na fosfeti, na floraidi ikipita inachukua nafasi ya hidroksili (kale kapande ka oksijeni na hidrojeni) iliyokuwa imekaa hapo na kubaki, maji yanaendelea na safari bila yeye. Hiyo ni kemia ya darasani kabisa, na wewe umeisoma ukifukuza mbwa.

Sasa geukia Hesabu na Fizikia, nikuulize, zile siku ulikuwa chini ya mti na rangi usoni, darasani walikuwa wanafundishwa nini? Fomu Tatu muhula wa kwanza hesabu haingojei mtu, mnatoka kwa milinganyo ya kwadratiki, mnaingia trigonometria, mara mizizi ya namba zile hazitoki kamili, mara logariti, na kila moja inakalia ile ya nyuma yake, ukikosa wiki moja hapo katikati ile inayofuata utaiona ni Kigiriki hata kama kichwa chako ni kizuri. Fizikia ni vivyo hivyo, mwendo wa mstari ukikupita sheria za Newton zitakuja kukucheka. Mtu hatoki 71 hadi 48 kwa muda huo ju amekuwa mjinga. Anatoka ju hakuwa darasani.

Na ni nini kilikutoa darasani? Nimepiga hesabu yako mwenyewe. Saa kumi hadi kumi na mbili na nusu ni masaa 2.5, mara siku 5 ni 12.5 kwa wiki, na hapo Jumamosi bado sijaigusa, wala zile siku nzima za kungoja. Sayansi ilikula wikendi kadhaa na siku za mashindano, sawa. Kroshe ilikula matatu na habari, yaani karibu hakuna. Lakini babako alifungia nini? Uzi! Amekamata uzi kwa sababu uzi ndio ulikuwa karibu, anauona kila usiku kwa kiti akitazama habari, na densi haiko kwa nyumba, haiwezi kufungiwa kabati. Simlaumu, wazazi wengi tuko hivyo, tunashika kile tunachokiona.

Kwa hivyo jibu langu ni hili, na najua kuna watakaonikasirikia: acha drama, baki na sayansi, na kroshe ipumzike hadi shule zifungwe.

Ngoja nieleze kabla mwalimu wako hajanitafuta. Mimi si adui wa drama, tena hata kidogo, kuna watoto ambao shule nzima ilikuwa imewashinda na ikapatikana kwamba wako sawa siku ile walipanda jukwaani. Ungeniandikia kwamba unataka kuwa mchezaji densi, ama kwamba usiku unalala ukihesabu hatua, ningekupa jibu lingine kabisa. Lakini umeniandikia barua ndefu, mifupa umeielezea hadi nikasikia harufu huku nilipo, na drama umeniambia masaa, mti na urefu wako. Densi yenyewe inahusu nini? Hukusema hata neno moja. Wewe uko hapo kuziba pengo la mstari wa nyuma, na pengo la mstari wa nyuma linazibwa na mtu yeyote mrefu. Projekti yenu ni ya watu wawili, wewe ukitoka imekufa, na rafiki yako ana haki ya kulia.

Sasa kuhusu babako. Kuna mahali ako sawa kabisa na lazima umpe hiyo haki yake mbele ya macho yake. Hesabu. Tangu KCSE ya 2023 gredi ya mwisho inahesabiwa kwa Hesabu, lugha moja ile umefanya vizuri, halafu masomo mengine 5 yale bora. Yaani Fizikia ikikulemea kuna njia ya kuiruka kwa hesabu za gredi (ingawa ukitaka uhandisi wa maji wataiuliza, na mambo ya dawa watauliza Kemia na Bayolojia), lakini Hesabu haina pa kujificha, iko ndani utake usitake. Hiyo 48 ndiyo imemtoa usingizi, na hiyo ya darasa la mwisho pia si stori amejitungia, ameona nyuma yenu kuna Gredi 10 na mtaala wao mpya, akaogopa.

Basi usiende kwake na machozi. Usiende pia Jumapili kukiwa na wageni. Tafuta jioni ameshakula, na kabla ya hapo chukua karatasi zenyewe zilizosahihishwa, za Hesabu na Fizikia, pitia kila swali ulilokosa na uandike kando na penseli: hili lilifundishwa nikiwa nje, hili nililijua nikakosea kwa haraka, hili hata ningekuwepo singeelewa. Kuwa mkweli, usijaze la kwanza peke yake ndio uonekane huna hatia. Halafu umpe. Mzazi ambaye ameshika karatasi mkononi anaongea tofauti na mzazi ambaye amepewa namba mbili za kutisha.

Ukishampa umwambie umeacha densi, uanze na hiyo, usiifiche mwisho. Kisha umwonyeshe tarehe ya kanda ya sayansi, na kwamba baada ya hapo, mkishindwa imeisha na mkishinda kuna taifa, na hayo ndiyo mashindano ya mwisho utaguza. Muhula wa pili watakuja watu wa tamasha la muziki, watakuja wa netiboli, wote watakuona vile uko mrefu, na jibu lako ni hapana. Na umwekee ahadi ambayo anaweza kukushika nayo: mtihani wa mwisho wa muhula Hesabu isipofika 60, uzi ubaki kwake hadi ifike. Yeye ndiye ako na ufunguo hata hivyo.

Mpelekee pia ule mkebe. Si kwa kumbembeleza. Wewe mwenyewe umesema meno yake ni ya maji ya huku, na nina hakika hakuna mtu ameshawahi kumkalisha akamweleza ni kwa nini, kwamba hii Bonde la Ufa imekaa juu ya mawe ya volkano, Menengai tu hiyo hapo mnaiona, na maji yakikaa chini kwa hayo mawe yanabeba floraidi. Lakini usimdanganye ati mkaa wako utamsafishia meno. Meno huharibika yakiwa bado yanajitengeneza ndani ya ufizi, utotoni hadi miaka kama 8 hivi, yake yalishaamuliwa zamani. Mwambie ni ya wale wadogo wa ploti. Mtu mzima ukimdanganya kuhusu kitu kiko mdomoni mwake mwenyewe atakujua mara moja.

Na sasa tukiwa hapo, mkienda kanda mjue mtakayoulizwa, maana hii ni kitu naona mnaweza kuangukia. Mkaa wa mifupa si mpya. Hapa hapa Nakuru Dayosisi ya Katoliki imetengeneza filta za mkaa wa mifupa kwa miaka mingi, na jaji yeyote wa Bonde la Ufa analijua hilo, kwa hivyo atawaangalia tu na kuuliza, yenu iko na nini tofauti? Msikauke. Labda tofauti ni mkebe wa rangi, kwamba mama wa ploti anaweza kuutengeneza bila tanuri, hiyo tayari ni jibu, lakini liseme nyinyi kabla hajauliza. Pili atauliza mkaa ukishashiba floraidi mtajuaje, ju ukishajaa maji yanapita tu na macho hayaoni tofauti. Mko na maji mangapi mmepitisha kabla uchoke? Kama hamjapima, wiki hii ndiyo ya kupima, pitisheni lita baada ya lita na mpeleke sampuli za mwanzo, katikati na mwisho. Tatu, mifupa ya mnyama gani? Hili halitoki kwa majaji peke yao. Nenda Bondeni umwambie mama Mwislamu maji haya yamepita kwa mifupa uone kama hatakuuliza ng'ombe alichinjwa na nani, na kuna Wahindu mjini ambao kwao ng'ombe ni mtakatifu, hilo ni neno lingine kabisa. Mkiwa na jibu la heshima hapo mtaonekana mmefikiria watu, si chati tu za ukutani. Na ile mifupa nyeupe iliyoharibika msiitupe wala msiifiche, iwekeni kwa mkebe wake kando ya nyeusi pale mezani. Inaeleza kazi yenu kuliko aya tatu za ripoti.

Ile saa kumi ambayo densi imekuachia, usiipeleke nyumbani. Baki shule umtafute mwalimu wa hesabu, yule aliyekuambia utajiangusha, maana mwalimu akikuonya hivyo ujue bado hajakukatia tamaa, aliyekata tamaa huwa hata haongei. Anza na ile mada ya kwanza uliyokosa, si ile wako saa hii. Nakili noti za mtu anayeandika vizuri. Hapo sina mengi, unajua kusoma.

Kroshe: maliza zile oda watu walishalipa, ukiomba uzi wa hizo peke yake, na mpya usichukue. Na hiyo bei, 250, uzi wako na mkono wako? Hapo unapeana. Ukirudi likizo ongeza, na asiyetaka avae kofia ya mtumba. Mamako naye ako upande wako, shida yake ni kwamba anaongea jikoni na uamuzi unafanywa sebuleni, mwombe siku hiyo ya karatasi akae tu hapo karibu, hata asiposema kitu.

Imebaki ile ya kujifanya mgonjwa. Hapana. Na hata sijafika kwa mambo ya dhambi, nakuambia kwa sababu haitafanya kazi: utaitishwa barua ya hospitali, utaenda kuitafuta wapi, na wiki hiyo hiyo uonekane kanda ya sayansi ukieleza majaji mambo ya mifupa kwa sauti kubwa. Mwalimu wa drama atakuwa na haki ya kukasirika, na shule ndogo kama hizo hasira zinakaa hadi Fomu Foo.

Mwambie ukweli, na umwambie mapema kabla majina ya kanda hayajapelekwa, ndio apate siku za kufundisha mtu mwingine. Usiende mikono mitupu. Tafuta msichana wa Gredi 10, wako wengi wanatamani kupanda hilo basi, umfundishe hatua za mwanzo mkiwa breki. Halafu Jumatatu kabla ya gwaride nenda naye hadi stafrumu, simama mlangoni, useme: mwalimu, mimi naacha densi kwa sababu ya Hesabu, babangu ataongea na wewe ukitaka, na huyu hapa ameshajua nusu ya hatua na ni mrefu kunishinda.